Tupeane uzoefu: umebadilisha nini ndani ya nyumba yako hapa Dar, na kimesaidia kweli?

Mkazi wa Kimara (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu. Siku hizi mtu akitaka kurekebisha nyumba anaanzia kwenye picha za simuni: jipsam ya ngazi tatu, taa zilizofichwa darini, ukuta wa runinga uliojaa mapambo. Sina ugomvi na urembo, naupenda sana. Ila nyingi ya picha hizo ni za nchi za baridi, ambako nyumba nzuri ni ile isiyoruhusu joto litoke. Sisi tupo pwani. Nyumba yetu kwanza ipitishe upepo, ukuta ukae mkavu, mwanga uingie bila kuleta jua kali. Jipsam itafuata. Naomba kila mmoja aseme anaishi nyumba ya aina gani, amebadilisha nini, na kimempa nini.

Naanza mimi. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, imeezekwa kwa bati, sebule imeangalia magharibi. Ikifika saa tisa alasiri ilikuwa haikaliki. Fundi wa kwanza alishauri ninunue viyoyozi viwili. Wa pili, mzee mmoja mtulivu, alizunguka nyumba nzima kisha akauliza upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Swali hilo ndilo lililoniokolea pesa.

Sebule ilikuwa na dirisha moja la aluminiamu la kusukuma. Dirisha la namna hiyo hata ulifungue lote, nusu yake inabaki kioo. Tukaweka linalofunguka kama mlango. Halafu tukatoboa matundu juu ya milango ya vyumba vya mashariki, tukaweka mbao za kukingama, kwa sababu huko ndiko upepo uliko: Desemba mpaka Machi kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, masika ikianza inakuja kusi kutoka kusini-mashariki. Zamani upepo uliishia vyumbani, sasa unavuka korido mpaka sebuleni.

Paa nalo lina habari yake. Hapa tulipo jua la mchana linapita karibu utosini, kwa hiyo linapiga bati, na joto linakwama kati ya bati na dari. Tulifungua matundu kwenye pembe za paa, pande zote mbili, tukaziba kwa wavu popo wasiingie. Ukuta wa magharibi nimeuwekea kibaraza chenye paa, na mwarobaini unakua mbele yake. Leo pangaboi moja linatosha mchana wote.

Mama wa Chamazi

Asante kwa mada kaka. Mimi adui yangu alikuwa chumvi. Wanaoishi mabondeni wananielewa: ukuta unavimba, rangi inatoka maganda, ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe. Chumba cha watoto kilinuka uvundo hata madirisha yakiwa wazi. Jirani yangu alichoka akabandika marumaru ukutani mpaka usawa wa kifua. Chumvi ikapanda nyuma ya marumaru, ikaja kutokea juu yake.

Kumbe nyumba ilijengwa bila nailoni kati ya msingi na ukuta, hivyo tofali zinanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Maji yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi ndiyo inayosukuma rangi. Fundi wangu alikataa kugusa ndani kabla ya kutengeneza nje. Udongo ulikuwa umejaa ukutani kuliko usawa wa sakafu ya ndani, ukaondolewa. Bustani yangu ya maua iliyogusa ukuta ikahamishiwa getini, iliniuma lakini nikakubali. Maji ya paa yakapewa gata na bomba la kuyapeleka mbali.

Ndipo akabomoa lipu yote mbovu, akapanda juu kupita pale unyevu ulipoishia, akaacha tofali wazi kiangazi kizima. Watu walikuwa wanaingia wananionea huruma, wanadhani pesa imeisha. Lipu mpya ilipigwa kwa mchanga wa mto uliooshwa, saruji ikachanganywa na dawa ya kuzuia maji. Sasa masika imepita na ukuta ni mkavu. Sijanunua pazia jipya wala zulia, lakini watoto wanalala vizuri, na hilo ndilo nililokuwa nalililia.

Fundi rangi, Mbagala

Mama wa Chamazi ameeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Naongeza kidogo. Msipake rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu, inafunga ukuta usipumue na maji yanatafuta njia nyingine. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Na kama hujui unyevu unatoka wapi, kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache usiku kucha au zaidi. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusana na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba imejaa mvuke, na dawa yake ni kufungua madirisha. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinazuia ugomvi kati ya fundi na mwenye nyumba.

Mpangaji wa Sinza

Wakuu, na sisi wa chumba kimoja tupewe nafasi. Changu ni futi 10 kwa 12, kitanda, jiko la gesi, nguo, vyote humo. Kabla ya kugusa chochote nilikaa na mama mwenye nyumba tukaandikiana: rangi na rafu natengeneza mimi, nusu ya gharama inakatwa kwenye kodi ya miezi sita inayofuata, na nikihama rafu zinabaki. Karatasi ina sahihi zetu wote na ya mjumbe. Wapangaji wenzangu, msipige msumari hata mmoja kabla ya hiyo karatasi.

Kitanda nilichongesha kirefu kwenda juu, chini yake kuna droo nne, kabati la nguo nikaliuza. Rafu moja inazunguka chumba juu ya usawa wa mlango, huko ndiko masanduku na vyombo vya wageni vinakaa. Pazia jepesi la kugawa upande wa kitanda linaning'inia kwenye reli ya darini, mchana nalisogeza lote ili upepo usizuiwe. Kioo kikubwa nimekiweka kikitazamana na dirisha, chumba kimepata mwanga mara mbili.

Kilichonishangaza zaidi ni taa. Nilitoa balbu nyeupe kali, ile imeandikwa 6500K kwenye boksi, nikaweka ya 3000K yenye mwanga wa njano. Umeme ni uleule, ila jioni chumba kimekuwa cha kupumzikia. Ile nyeupe imebaki juu ya meza ya jiko, ninapokatia mboga.

Mzee wa Ilala

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mimi nyumba yangu ni ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Vijana wangu walitaka tubomoe yote tujenge ya kisasa. Nikawauliza, korido hii mmeielewa? Mlango wa mbele ukifunguliwa na wa uani ukafunguliwa, nyumba inajipoza yenyewe. Wazee waliijenga hivi wakijua.

Tulichofanya ni kuunganisha vyumba viwili vya mbele vya upande mmoja viwe sebule. Hapo nawaomba muwe makini sana. Ukuta wa kati ulikuwa umebeba paa, na nyumba yetu haikuwa na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta. Tulimlipa mhandisi aje aangalie, tukachukua kibali manispaa, tukaegemeza paa kwa miti, ikamwagwa boriti ya zege na kuachwa ikomae ndipo ukuta ukatolewa. Baraza ya mbele sikuigusa. Pale ndipo napokelea wageni wangu, na jioni watoto wa mtaa wanacheza bao.

Dada wa Upanga

Shikamoo mzee. Umenigusa hapo kwenye ukuta.

Mimi nipo ghorofani, ghorofa ya tatu, jengo la zamani. Nilitaka jiko liungane na sebule, fundi akasema nguzo iliyopo katikati "inapunguzika kidogo". Nilimuaga hapohapo. Tangu jengo lile la Kariakoo liporomoke Novemba 16, 2024, sisi wa maghorofani hatuna sababu ya kumsikiliza mtu anayezungumzia nguzo namna hiyo. Nyumba yako ikiwa juu ya vichwa vya wengine, hata tundu la bomba liulizie kwa msimamizi wa jengo.

Basi jiko likabaki lilipo, nikalibadilisha ndani. Makabati ya chini nimejengewa kwa tofali nyembamba na zege, yakavishwa marumaru, milango tu ndiyo ya mbao. Yale ya mbao za kusagwa yaliyokuwepo yalivimba chini ya sinki mpaka droo zikagoma. Meza ya kukatia ina sentimita 90 kwa sababu mimi ni mrefu. Mdogo wangu aliweka 85, kila mmoja ajipime kiwiko chake. Mtungi wa gesi upo kwenye kabati lenye matundu chini, usawa wa sakafu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, tundu la juu peke yake halikusaidii.

Bafuni, marumaru zinazong'aa ziacheni zikae ukutani. Sakafuni wekeni zenye mkwaruzo, na kabla ya kubandika fundi ajaze maji aone yanakimbilia tundu. Ukibandika kwanza utabaki na dimbwi kwenye kona, na jirani wa chini atapata madoa darini.

Mzee wa Ilala

Marahaba mwanangu. Huyo fundi ulimuaga vizuri.

Mkazi wa Kigamboni

Tunaoona bahari dirishani: hewa ya chumvi inakula chuma. Bawaba nimeweka za shaba, madirisha aluminiamu, na grili napaka rangi ya kuzuia kutu kabla haijaanza kutoka maganda. Milango ni ya mninga. Gharama iko juu ila sijawahi kujuta.

Binti wa Tabata

Nimejifunza mengi. Mimi na mume wangu tumerithi nyumba ya vyumba vitatu, bajeti ni ya kuungaunga. Tulikuwa tuanze na sofa za mafundi wa Keko na rangi. Tuanze na kipi?

Mkazi wa Kimara (mwanzisha mada)

Hongereni, na poleni kwa msiba uliowaletea nyumba hiyo.

Anzeni juu. Mvua ikinyesha ingieni darini na tochi mtafute panapovuja, kwa sababu bati likivuja kila mtakachoweka chini yake kitaharibika. Kisha mabomba na nyaya, vyote vinavyopita ndani ya ukuta, maana hakuna anayetaka kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Kama kiyoyozi kitakuja miaka ijayo, pitisheni waya wake wa peke yake sasa hivi. Halafu lipu, sakafu, rangi. Mnaweza kusimama mwaka mzima kati ya hatua na hatua na nyumba ikakalika.

Sofa ziwe za mwisho. Keko mtachongewa kwa kipimo, kwa hiyo pimeni kwanza upana wa mlango na kona ya korido, na muulize ndani ya kitambaa kuna mbao gani. Nendeni mkaone fremu ikiwa bado haijavishwa. Mbao laini isiyotibiwa mchwa wa Tabata wataipokea kwa mikono miwili.

Rangi jaribuni kwa kupaka kipande kikubwa ukutani, mkiangalie asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwaka. Na mkinunua marumaru, ongezeni moja ya kumi juu ya hesabu ya fundi, maboksi yote yawe na namba moja ya toleo. Toleo likibadilika rangi nayo inabadilika, na siku mtakayopasua kipande kimoja hamtakipata dukani.

Binti wa Tabata

Asante sana kaka. Kesho tunaanza na tochi darini. Nitaleta picha.