Nimeacha ngano miezi tisa kwa sababu ya seliaki, lakini damu bado haipandi

MkaziWaNgamiani (Tanga)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, na mwishoni mwa mwaka jana niligundulika kuwa na ugonjwa wa seliaki, yaani ule ambao mwili, ukikutana na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, hujishambulia wenyewe na kuharibu vile vinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula. Kabla ya hapo nilihangaika miaka mitano. Nilipungukiwa damu mara kwa mara, nikapewa dawa za minyoo kwa kudhaniwa kwamba nina safura, nikapimwa malaria na seli mundu, na mama mkwe wangu, Mungu ambariki, akawa ananichemshia choya kila Jumapili. Hakuna kilichodumu. Hatimaye daktari mmoja, ambaye aliniuliza habari za choo kabla ya kuniuliza habari za chakula, akaagiza kipimo cha kingamwili, kisha nikapitishwa kamera tumboni na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya utumbo, na jibu likapatikana.

Tangu siku hiyo nimeacha chapati, maandazi, mkate, tambi na keki, na hata harusini nakula wali na nyama tu. Kuharisha kumekwisha na uzito umeongezeka kilo 6. Hata hivyo, vipimo vya wiki iliyopita vimenivunja moyo: himoglobini ni 10.1, feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ni 9, na vitamini D iko chini licha ya jua lote hili la Tanga. Kila asubuhi nameza kidonge cha chuma, cha kalsiamu na cha asidi ya foliki kwa pamoja na chai yangu ya maziwa, ili nisisahau. Chakula changu cha asubuhi ni uji wa ulezi ninaousagisha hapa mtaani, mchana na jioni ni ndizi, wali au ugali wa dona kwa mboga za majani, na nikiona hamu nanunua vitumbua au viazi karai. Je, kuna mahali ninakosea, au ni suala la kusubiri tu?

MamaPacha (Dar es Salaam)

Pole sana dada yangu. Binti yangu ana ugonjwa huo huo na sisi tulikwama mahali hapo hapo. Kabla hujafika mbali, nenda kasimame pale unaposagisha ulezi wako, utazame mteja aliyekutangulia ameleta nini. Kwetu kinu kile kile kilikuwa kinasaga mchanganyiko wa uji wa lishe wenye ngano ndani yake, kisha bila hata kupigwa brashi kinamiminiwa ulezi wa mwanangu. Siku hizi tunasaga nyumbani kwa mashine ndogo, ambayo haijapata kuona ngano, na kipimo cha kingamwili kilichofuata kilishuka. Halafu hivyo vitumbua vya kununua usiviamini kwa jina tu. Vitumbua ni vya mchele, ndiyo, lakini wapo wapishi wanaotia unga wa ngano ili vishikane. Na viazi karai, dada, ule unga unaovivika ni ngano mara nyingi.

AfisaLishe (Morogoro)

Nafanya kazi ya lishe hospitalini, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo, nikikuomba uyapeleke haya kwa daktari wako kabla ya kubadilisha dozi yoyote.

Kwanza, miezi tisa si mingi. Chuma hufyonzwa zaidi katika sehemu ya kwanza kabisa ya utumbo mwembamba, na sehemu hiyo ndiyo inayoumizwa zaidi na seliaki. Ndiyo maana wagonjwa wengi wazima huja hospitalini kwa upungufu wa damu na si kwa kuharisha. Vinyweleo hivyo huota tena gluteni ikiondoka, lakini kwa mtu mzima kupona kwake huweza kuchukua mwaka, miwili, au hata zaidi. Kwa hiyo usijilaumu, lakini pia usikae tu kusubiri, kwa kuwa katika maelezo yako nimeona mambo yanayoweza kurekebishwa leo hii.

Hicho kidonge cha chuma unakizamisha kwenye chai. Majani ya chai hukibana chuma kisifyonzwe, na kalsiamu, ya kidonge na ya maziwa, hushindana nacho, kwa hiyo asubuhi yako nzima imepangwa kana kwamba ni kwa makusudi ya kukipoteza. Meza chuma peke yake, tumbo likiwa tupu kama linakuvumilia, pamoja na maji ya ndimu au chungwa, kisha chai ngojea saa moja au mbili. Kalsiamu ihamishie jioni. Mwulize daktari pia kama unaweza kumeza chuma siku moja na kuruka siku moja, kwa sababu baada ya dozi mwili hutoa homoni inayofunga mlango wa chuma kwa takriban siku nzima, na imeonekana kwamba dozi inayomezwa baada ya kuruka siku moja hufyonzwa vizuri zaidi. Ikiwa hata hivyo feritini haitapanda, ipo njia ya kupewa chuma kwa dripu, ambayo haipiti utumboni kabisa.

Lipo jambo jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi, nami huona ndilo linalowakwamisha watu wengi wa kwetu. Kwa kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani hapa Tanzania unatakiwa kuongezwa chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Ulipoacha mkate na chapati uliacha pia virutubishi hivyo, na ugali wa dona wa mashine ya mtaani mara nyingi hauna nyongeza hiyo. Chuma cha dona na ulezi kipo, lakini kimefungwa na fitati, kitu cha asili kilichomo katika nafaka. Loweka nafaka, iache ichachuke, au ioteshe kwanza, kwani kimea cha ulezi na togwa ya bibi zetu vinaifungua fitati hiyo vizuri sana. (Kimea cha shayiri ni haramu kwako, usikichanganye na hiki.) Ongeza maini mara moja kwa wiki, isipokuwa kama ni mjamzito, kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao watakupa kalsiamu. Maziwa yakikusumbua tumbo, jaribu mtindi, kwani kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vinyweleo vile vile vilivyoharibika, na hurejea navyo. Kuhusu choya ya mama mkwe, inywe kwa upendo, lakini haiwezi kuziba pengo kama lako.

Mwisho, omba kipimo cha kingamwili kirudiwe. Kikiwa bado kiko juu, basi gluteni inaingia mahali, na MamaPacha amekwisha kukuonyesha pa kuanzia kutafuta. Kikiwa kimeshuka na damu haipandi, daktari atazame hedhi nzito, safura ya kweli, na bakteria wa vidonda vya tumbo.

MzeeWaKisauni (Mombasa)

Wanangu, mimi nina miaka 70 na maradhi haya ya kukataza mkate nayasikia zama hizi tu. Si mambo ya Wazungu haya? Binti angekula nyama akaacha kuhesabu vidonge.

AfisaLishe (Morogoro)

Shikamoo mzee. Nyama ni ushauri mwema, na sikupingi hapo. Lakini ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta seliaki kwa watoto wa Kisahrawi, Waafrika wa Sahara Magharibi, kwa kiwango cha asilimia 5.6, ambacho ni kikubwa mara kadhaa kuliko kile cha Ulaya. Kwetu tunaukosa kwa sababu hatuupimi, na kwa sababu mtu aliyekonda na mwenye damu kidogo huwa na magonjwa mengine mengi ya kudhaniwa kabla yake.

MpembaWaMaskati (Oman)

Nami ni mgonjwa wa mwaka wa saba, na ninaongeza mawili. La kwanza ni neno letu “shayiri”. Madukani wengine huliandika kwa ile nafaka ya kutengenezea bia, ambayo ni sumu kwetu, na wengine kwa oti, ambayo yenyewe haina gluteni ya ngano lakini kwa kawaida huvunwa na kusagwa pamoja na ngano. Usinunue kwa kusoma neno hilo peke yake. Kipimo kinachokubalika kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, na oti inayofaa ni ile iliyoandikwa hivyo tu. Huku kwetu Ramadhani ina mtihani wake: bokoboko ni ngano, kaimati ni ngano, sambusa ni ngano. Mimi hubeba mkate wa kumimina wangu, wa mchele, na wenyeji wamekwisha kunizoea.

La pili, dada, ni ndugu zako. Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wako wapimwe hata kama hawaumwi, kwani takriban mmoja kati ya kumi katika jamaa wa karibu namna hiyo hukutwa nao. Na wasiache ngano kabla ya kupimwa, maana kipimo hakitaona kitu. Dada yangu aliacha kwa kunihurumia, ikambidi aanze tena kula mkate kwa wiki kadhaa ili apimwe, na wiki hizo zilimliza.

MkaziWaNgamiani (Tanga)

Nawashukuru nyote, na shikamoo mzee wangu wa Kisauni. Jana nilikwenda mashineni nikakaa nusu saa. Walionitangulia walikuwa watatu, na wa pili alileta ngano ya kusagisha kwa ajili ya uji wa mtoto. Kijana wa mashine alipoona ninavyotazama akaniuliza kama nimeibiwa. Unga uliokuwa ndani nimempa jirani, na leo asubuhi nimetwanga ulezi kwenye kinu cha mama mkwe, ambaye ameapa kwamba kinu hicho hakijawahi kutwanga ila mpunga na kisamvu. Chuma nimekimeza alfajiri kwa maji ya ndimu, chai nimekunywa saa tatu, na kichwa kimeniuma kwa kuikosa. Kipimo cha kingamwili nitarudia wiki ijayo. Mwanangu wa miaka sita nitakwenda naye, kwa sababu sasa nakumbuka kwamba sare yake ya darasa la awali bado inamtosha.