Ngome ya Bahla imeitwa KICHUGUU, na mimi nimesimama hapohapo

Wakuu, nimeshuka basini sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa safari zetu za Ijumaa, mnamjua, hamna asiyemjua! Tuko juu ya ngome, mitende ya Bahla yote iko chini yetu, nawaeleza watoto habari za ukoo wa Wanabahani. Akanikata kauli: "Kichuguu tu hiki. Twendeni tukale."

Kichuguu!

Wanabahani wameitawala Omani kutoka hapo Bahla, karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Kuta za matofali mabichi juu ya msingi wa mawe. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 1987, na 1988 wakaiweka kwenye orodha ya hatari, maana kila mvua ikinyesha ukuta unameguka. Mafundi wamehangaika nayo mpaka 2004 ndipo ikatolewa. Ukisogea karibu unaona vipande vya majani makavu ndani ya udongo. Anatokea mtu na miwani yake ya jua: kichuguu! Mbele ya watoto! Na watu wakacheka, kicheko kimesikika mpaka Salala!

Sisi wa Pate masultani wetu walijiita Wanabahani, mpaka walipohamia Witu. Halafu niambiwe kichuguu? Apokonywe hizo safari zake, leo hii.

MzeeWaRuwi: Pole mkuu, ila nilikuwemo. Hotuba yako ilikuwa haiishi na jua linachoma.

BintiShela: Kumbe ndo huyohuyo! Mimi alinibishia kuwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kajenga Mjerumani. Wareno wameianza 1593, Mjerumani katokea wapi?

Chogo: Kila mtu wa Pate mjukuu wa sultani. Raia walikuwa nani?

Mleta uzi: Chogo, soma vizuri. Kasema KICHUGUU. Juu ya ngome yenyewe!

Kipara77: Nyie angalau mmefika. Sisi tulilipia Bahla, akatushusha soko la mbuzi Nizwa, tukakaa hapo mpaka adhuhuri.

BintiShela: Nauli alirudisha?

Kipara77: Arudishe? Alinikopa na hela ya mafuta, mpaka leo kimya.

MzeeWaRuwi: Eh! Hata mimi namdai ya mafuta.

Chogo: Na mimi. Fungueni uzi wa madeni, huu wa vichuguu tuuache.