Mimi ni mwalimu wa urubani, si ofisa uhamiaji!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Nafundisha urubani hapa Texas, kwa Cessna ya watu wanne ambayo ikijaa kila kitu haizidi kilo 1,157. Jumamosi iliyopita alinijia kijana wa miaka 20. Kazaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wazazi wake Wakongo, kaletwa Marekani kama mkimbizi akiwa na miaka 16. Amebeba maboksi ghalani usiku miaka miwili, akidunduliza hela ya kujifunza kurusha ndege. Aliposikia naongea Kiswahili uso wote ulibadilika. "Shikamoo mwalimu!" Akaweka bahasha mezani, kadi ya kijani juu kabisa, akiamini hiyo inamaliza maneno.

Haimalizi. Kwa kanuni ya 1552 ya TSA, idara ya Marekani ya usalama wa usafiri, mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, bado ni mgeni. Inabidi ajisajili, achukuliwe alama za vidole, alipe dola 140, asubiri serikali ichunguze kama ni tishio, nami nisianze somo mpaka jibu litoke. Nilipofika kwenye vidole alikunjua viganja vyake akavitazama, akaniuliza, "Tena?"

Ningemjibu nini? Mkimbizi haingii nchi hii bila kuhojiwa na kuchujwa, na kadi yenyewe haitoki bila vidole hivyohivyo. Uraia hawezi kuuomba mpaka mwaka ujao.

Asubuhi hiyohiyo mwanafunzi mwingine, mzaliwa wa hapa, alitoa cheti cha kuzaliwa na leseni ya gari. Nikaandika mistari michache kwenye logibuku yake, daftari la kumbukumbu za mafunzo, nikasaini, saa tatu tuko hewani. Huyo hakuna aliyemchunguza chochote! Sasa hapo tunalinda usalama au tunaangalia mtu kazaliwa wapi?

Halafu kazi hii ya kukagua makaratasi nimepewa mimi. Nani alinifundisha kutambua cheti cha kughushi? Natakiwa nitunze kumbukumbu miaka 5, na nikikosea ni mimi nitakayebanwa. Najitegemea, sina karani wala mwanasheria. Cheti changu mwenyewe cha uraia kina onyo kwamba kukinakili bila idhini ya kisheria ni kosa, na mwanafunzi akiniletea cha namna hiyo roho inanidunda.

Najua mtanitajia Septemba 11. Haya, tuseme yote. Agosti 2001 kule Minnesota, walioshtuka na kupiga simu FBI kuhusu Zacarias Moussaoui, aliyekuja kutiwa hatiani kwa njama ya mashambulizi hayo, walikuwa watu wa shule ya urubani. Akakamatwa tarehe 16, lakini makao makuu ya FBI hayakukubali iombwe hati ya kupekua kompyuta yake kabla ya mashambulizi. Na Machi 2002, miezi sita baada ya maafa, ofisi ya uhamiaji ndiyo iliyoiletea shule ya Florida barua kwamba Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi, marubani wawili wa ndege zilizotekwa siku ile, wamekubaliwa viza ya masomo. Marehemu! Serikali ililala, halafu mwaka 2004 mzigo ukatuangukia walimu.

Wala msiniletee habari ya yule Mkenya wa Al-Shabaab aliyejifunza urubani kwa njama ya kuteka ndege, akatiwa hatiani New York Novemba 2024. Yeye alijifunzia Ufilipino.

Nikiri kimoja: tangu Julai 30, 2024, kanuni mpya ilipoanza, kibali cha kujifunza kinaweza kudumu hadi miaka 5, zamani kozi mpya ilikuwa malipo mapya. Ni nafuu. Lakini mkazi wa kudumu anafanya nini kwenye foleni hiyo? Mtoeni! Taarifa zake zote serikali inazo tayari.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Safari fupi ya kuonjesha mteja kanuni inairuhusu, kwa sababu inahesabiwa tangazo la biashara, si mafunzo. Nikampandisha. Tukiwa juu nikamwachia usukani, akaushika kwa vidole viwili tu, ndege ikatulia kama iko mezani. Wanafunzi wangu wengi hunyonga usukani wiki nzima ndipo waelewe. Tuliposhuka akauliza somo la pili ni lini, nikamwambia hata la kwanza bado.

Kama kuna mwalimu humu aliyempitisha mwenye kadi ya kijani tangu kanuni mpya ianze, aseme jibu lilichukua siku ngapi. Kijana anarudi Jumamosi saa mbili asubuhi, na sina cha kumwambia.