Ngoma nne, uwanja mmoja: naomba ushauri wa ratiba

Habari zenu wakuu. Mtaani kwetu Mbagala tunaandaa tamasha la ngoma za asili: sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, muheme wa Wagogo na mdundiko wa Wazaramo. Kibali tunacho. Kinachonitoa jasho ni ratiba. Mdundiko hauchezwi mahali pamoja. Unatembea na watu wanaufuata. Mazoezini juzi ulitoka uwanjani ukaondoka na watazamaji wote, hadi muuza kahawa na birika lake! Wamakonde wakabaki wanapasha ngoma zao moto, wamenuna. Nataka niuweke mwisho, lakini wazee wa Kizaramo wanasema wao ndio wenyeji, lazima wafungue. Mliowahi kuandaa, mlipangaje?