William Clarke: mwashi wa jicho moja aliyeishi kwa kriketi

Mwana wa Ngamiani anauliza:
Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Jana jioni barazani kwetu hapa Tanga tulibishana kuhusu vijana wanaokodiwa kuchezea timu za vijiji katika ndondo. Mzee wetu mmoja, ambaye utotoni aliokota mipira kwenye kiwanja cha kriketi, akasema jambo hilo si geni, kwani Uingereza ya zamani ilikuwa na fundi mwashi mwenye jicho moja aliyezunguka nchi nzima na wachezaji wa kulipwa, jina lake William Clarke. Je, ni kweli? Na mtu wa jicho moja aliuwezaje mchezo ule?

Bandarini anajibu:
Wa alaykum salaam, ndugu. Mzee yuko sahihi. Clarke alizaliwa Nottingham mwaka 1798, akafanya uashi, kisha akashika nyumba ya wageni. Jicho la kulia lilimpotea katika mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa kiganja. Hata hivyo, sifa yake ilikuwa katika kurusha, yaani kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Wakati wenzake walikwisha kuruhusiwa, tangu 1835, kuinua mkono hadi usawa wa bega, yeye aliendelea kuutoa mpira kiunoni, polepole, ukipinda baada ya kugusa ardhi, na mpigaji aliyedhani ametunukiwa alijikuta anarudi kukaa. Mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka 54, alipata wiketi 476, yaani aliwatoa wapigaji mchezoni mara 476, ingawa nyingi zilikuwa za wachezaji wa mitaani.

Mwaka 1837 alioa mjane mwenye nyumba ya wageni kando ya daraja la mto Trent. Mwaka uliofuata akafungua kiwanja pale nyuma na kutoza kiingilio, na huo ndio uwanja wa Trent Bridge unaotumika mpaka leo.

Mzee wa Raskazone anajibu:
Vijana wangu, msisahau reli. Sisi wa Tanga tunajua reli inavyoubadilisha mji, na huko Uingereza ndiyo iliyomwezesha Clarke kuzunguka nchi na kikosi chake. Mwaka 1846 Clarke aliunda kikosi cha wachezaji bora wa Uingereza, wakaanza Sheffield dhidi ya wenyeji ishirini, na baadaye mara nyingi kumi na mmoja wake walipambana na wenyeji ishirini na wawili, ambao nao waliweza kuongezewa mamluki ili mchezo usiwe wa aibu. Kasoro ilikuwa kwenye mfuko. Clarke aliwalipa wachezaji takriban pauni 4 hadi 6 kwa mchezo, na salio likabaki kwake. Mwaka 1852 wachezaji wake John Wisden na Jemmy Dean walichoka, wakaunda kikosi chao.

Bandarini anajibu:
Shikamoo, mzee wangu. Nakubali kuhusu mfuko, lakini kabla ya hapo mchezaji fukara alisubiri bwana mkubwa amwite, na bwana akikosa hamu, msimu umekwisha. Clarke alimpa ratiba. Yeye mwenyewe alirusha hadi mwaka wa kifo chake, 1856, na inasimuliwa kwamba mpira wake wa mwisho ulipata wiketi.

Mwana wa Ngamiani anajibu:
Ahsanteni sana. Nitamsomea mzee haya yote, hasa hizo pauni 4, kwa sababu kijana wetu aliyekodiwa Jumapili alifunga mabao mawili, akarudi na nauli na mkungu wa ndizi.