Naomba ushauri: kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua bila kuacha dimbwi chini ya gari

Ndugu wanachama, nawasalimu. Nina gari la spoti la mwaka 1998, lenye injini ya silinda 6 na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), ambalo kwa muda wa mwezi mmoja sasa limekuwa likipoteza kulanti kiasi cha nusu lita kila wiki, ingawa sijawahi kukuta hata tone moja sakafuni.

Geji ya joto haijapanda, oili haijageuka rangi ya maziwa, wala bomba la moshi halitoi moshi mweupe injini ikishapata moto. Kwa hiyo sina haraka ya kuilaumu gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini), japokuwa fundi wangu tayari anataka kuifungua. Kinachonitia shaka ni harufu tamu ya kulanti ninayoisikia kila nikizima injini baada ya mwendo mrefu, pamoja na ukoko mweupe karibu na mabomba madogo yanayopeleka maji kwenye turbo, mahali penye joto kali kiasi kwamba tone lingekauka kabla ya kudondoka.

Mfuniko wa rejeta nimeshaubadilisha. Dawa za kuziba uvujaji sizitaki, kwa kuwa zinaweza kuziba pia njia nyembamba za rejeta na hita.

Je, nianze kwa kupima mfumo wa kupozea kwa presha injini ikiwa baridi, au uvujaji wa aina hii hujitokeza ikiwa moto tu? Na nikilazimika kubadilisha mabomba hayo, ni busara kubadilisha na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja?