Naomba ushauri: renki ya skwoshi ya dabo inapigwaje hesabu?

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie maana nimeumiza kichwa wiki nzima. Nacheza skwoshi ya dabo, ile ya wanne kwenye koti moja, sasa ligi yetu pointi anapewa mchezaji mmoja mmoja, sio timu, halafu jumla inagawanywa kwa idadi ya mashindano. Hapo niko sawa. Mimi nimecheza matatu, nikavuna 300, 200 na 100, jumla 600, nikajua wastani wangu 200 safi kabisa, kuja kucheki nimewekewa 150! Eti kigawanyo hakishuki chini ya 4 hata kama umecheza mara moja tu. Patna wangu ana 640 kwa mashindano manne, yaani 160, kanipita na mashindano yale matatu tulikuwa wote (la nne alicheza na mtu mwingine akaambulia 40, bado anacheka tu).

Sasa wazoefu, hili shindano la nne nicheze tu hata nikitoka raundi ya kwanza, si kigawanyo kinabaki 4 palepale? Na nikibadili patna, pointi za zamani nahama nazo, au sidingi (ile nafasi timu inayopangiwa kwenye droo kulingana na ubora wake) ya timu mpya inaanza upya?